Treni zinazolala kwenye kona: jinsi kisiwa cha Shikoku kilivyopata mwendo bila kujenga reli mpya

Kutoka Okayama hadi Kochi, kusini magharibi mwa Japani, ni kilomita 179 za reli, na treni ya haraka iitwayo Nanpu huzimaliza kwa takribani saa mbili na nusu. Ukipiga hesabu unapata wastani wa kilomita 70 hivi kwa saa. Kwa nchi yenye Shinkansen, zile treni maarufu za mwendo kasi, mwendo huo haumshtui mtu. Mshangao unakuja ukiiona njia yenyewe. Nanpu huvuka bahari juu ya Daraja Kuu la Seto, huingia Shikoku, kisha hupanda milima kwenye njia moja tu ya reli, treni zikisubiriana stesheni ili zipishane. Kwenye bonde la mto Yoshino, maeneo ya Oboke, reli imebanwa kati ya mwamba na maji. Kona inafuatana na kona, na juu hakuna waya wa umeme. Treni ya kawaida ingelazimika kujikokota humo. Nanpu inapita kwa kasi kwa sababu kila behewa hulala upande linapoingia kwenye kona.

Nitaeleza jinsi jambo hilo linavyofanyika, kwa nini lilianzia kwenye kisiwa kisicho na fedha, na kwa nini jaribio la kulirahisisha liligonga mwamba mwaka 2017.

Kisiwa na kampuni yake

Shikoku ndicho kidogo kati ya visiwa vikuu vinne vya Japani, na ndicho pekee ambacho Shinkansen haijafika. Kina mikoa minne, yaani Kagawa, Tokushima, Ehime na Kochi. Wakazi wake wote hawafiki milioni 4, na kila mwaka wanazidi kupungua na kuzeeka.

Tarehe 1 Aprili 1987 Shirika la Reli la Taifa la Japani lilivunjwa na kugawanywa katika makampuni yanayoitwa JR. Waliopata Tokyo, Nagoya na Osaka walipata abiria wa kutosha na reli za Shinkansen. JR Shikoku ikarithi njia za pwani na za milimani zenye abiria wachache. Serikali ilijua tangu mwanzo kwamba nauli peke yake hazitatosha, ikaipa kampuni hiyo mfuko wa takribani yen bilioni 208 ili riba yake izibe hasara. Mpango ulikwenda vizuri riba zilipokuwa juu. Baadaye riba za Japani ziliporomoka, na kampuni ikabaki inahesabu kila yen.

Wakati huohuo barabara ziliingia. Daraja Kuu la Seto lilifunguliwa mwaka 1988, magari yakipita juu na treni chini, na kisiwa kikaunganishwa na bara kwa mara ya kwanza. Barabara kuu za kulipia nazo zilikuwa zinasogea, zikitoboa milima kwa mahandaki yaliyonyooka. Mahali treni inapouzunguka mlima, basi na gari dogo vingeupita mlima huohuo kwa ndani. Kila aliyekuwa na jicho aliona treni zinaelekea kupoteza abiria wake.

Kampuni ingeweza kujenga reli mpya iliyonyooka, lakini fedha hazikuwepo. Ingeweza kutandaza umeme, lakini kwenye njia ya Dosan, ile inayovuka milima hadi Kochi, waya ulikuwa umefika Kotohira tu, mwanzoni kabisa mwa safari. Kuuendeleza kwenye mahandaki ya zamani yaliyo membamba, kwa treni chache za siku, ni gharama ambayo isingerudi. Ikabaki njia moja, kuiacha reli ilivyo na kubadili treni.

Mwaka 1989 yakatoka mabehewa matatu ya majaribio yaliyopewa jina TSE, yakiwa yametengenezwa na Fuji Heavy Industries na kubuniwa kwa ushirikiano na taasisi ya utafiti wa reli ya Japani. Mwaka uliofuata utengenezaji kamili ulianza, na aina hiyo ikaitwa 2000. Ilikuwa treni ya kwanza duniani ya mabehewa yanayojiendesha kwa dizeli kutumia penduli, yaani mfumo wa kulilaza behewa kwenye kona, inayoongozwa na kompyuta. Nalitaja hilo kwa sababu wengi huamini ubunifu wa reli hutoka kwenye makampuni tajiri. Huu ulitoka kwa iliyo ndogo kuliko zote katika makampuni ya abiria ya JR.

Msomaji wa kwetu amezoea kichwa cha treni cha dizeli kinachovuta mabehewa yasiyo na injini. Aina ya 2000 haina kichwa. Kila behewa lina injini mbili chini ya sakafu, na abiria wamekaa juu yake. Nairobi wana treni za familia hiyo, zile DMU zilizonunuliwa Uhispania mwaka 2020 kwa safari za mjini. Faida yake milimani ni kubwa, maana uzito umegawanyika, magurudumu mengi yanasukuma kwa pamoja, na ukiongeza behewa unaongeza na nguvu. Injini za aina ya 2000 zilitoka Komatsu, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 330. Kwa hiyo treni ya mabehewa matatu ina injini sita zinazokaribia nguvu za farasi 2,000.

Kinachoizuia treni kwenye kona

Watu wengi hudhani treni hupunguza mwendo kwenye kona ili isianguke. Kuanguka ni kikomo cha mbali. Kabla ya kukifikia, treni hufika kikomo kingine, cha mwili wa abiria.

Tuchukue kona yenye nusu kipenyo cha mita 400 na treni inayokwenda kilomita 100 kwa saa. Reli ya nje imeinuliwa milimita 105 juu ya ile ya ndani, kiwango cha juu kwenye reli za Japani za upana wa milimita 1,067. Hata baada ya msaada huo, abiria wa kilo 60 anasukumwa kuelekea nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 6. Hizo zinatosha kumwaga chai, kumyumbisha anayekwenda msalani, na kumtupia mzee ubavu kwenye kiti. Sasa lilaze behewa digrii 5 zaidi. Kwa hesabu ya karatasi, msukumo ule unashuka chini ya kilo 1.

Nguvu yenyewe haikupotea. Imegeuzwa mwelekeo, na badala ya kumsukuma abiria ubavuni inamkandamiza kitini. Ndicho anachofanya dereva wa bodaboda anapolaza pikipiki kwenye kona, na ndiyo maana abiria wake wa nyuma hachomoki. Kwa njia hiyo aina ya 2000 iliruhusiwa kupita baadhi ya kona ikiwa juu ya kikomo cha kawaida kwa hadi kilomita 30 kwa saa.

Hapa pana jambo ambalo husahaulika. Gurudumu na reli havipati nafuu yoyote kutokana na behewa kulala. Treni ikipita kwa kasi zaidi, reli ya nje inasukumwa zaidi, abiria awe ametulia au hajatulia. Kwa hiyo kabla ya treni hizi kuongeza mwendo, njia inabidi iimarishwe, kuanzia reli na mataruma hadi kokoto chini yake. Mabehewa nayo yanajengwa mepesi, vitu vizito vikiwekwa chini kadiri inavyowezekana. Kuta zake zimebanwa kuelekea ndani juu na chini, ili behewa likilala lisiguse ukuta wa handaki.

Behewa linavyolala

Kwenye behewa la kawaida, mwili wa behewa umekaa juu ya fremu za magurudumu na springi zake. Kwenye aina ya 2000 kuna kitu cha ziada katikati, boriti ambayo upande wake wa chini umepinda na umekaa juu ya rola. Mpindo huo umepangwa ili kitovu cha kuzunguka kiwe juu kuliko kitovu cha uzito. Treni ikiingia kwenye kona, sehemu ya chini ya behewa inateleza kuelekea nje na paa linainama kuelekea ndani. Behewa linalala lenyewe, bila mashine kulisukuma.

Wajapani walikuwa nalo wazo hilo tangu mwaka 1973, kwenye treni za umeme za aina ya 381. Lilifanya kazi, lakini lilikuwa na kasoro ambayo abiria waliihisi tumboni. Rola zina msuguano, hivyo behewa lilichelewa kuanza kulala, kisha likalala ghafla. Kona ikiisha likachelewa kurudi, kisha likarudi kwa kishindo. Watu walichafukwa na kutapika, na mifuko ya kutapikia ikawekwa ndani ya treni. Treni hizo ziliendelea kwenye safari za treni ya haraka iitwayo Yakumo hadi mwaka 2024, kwa hiyo wapo Wajapani wa rika zote wanaozikumbuka.

Aina ya 2000 iliponya kasoro hiyo kwa kumbukumbu. Ndani yake kuna kompyuta yenye orodha ya kona zote za njia, kila moja na mahali inapoanza, ukali wake na mwinuko wa reli. Treni inajua ilipo kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu, kisha inasahihisha hesabu hiyo kila inapopita juu ya vifaa vya usalama vilivyofungwa relini. Kabla kona haijafika, silinda za upepo zinaanza kulilaza behewa taratibu. Nguvu ya kona inapofika inakuta behewa limeshaanza safari. Abiria anayetazama dirishani anaona upeo wa milima unainama, na mwilini anahisi kidogo sana.

Kuna fumbo la pili ambalo treni za umeme hazikuwa nalo, na kwangu ndilo linaloonyesha ufundi wa waliounda treni hii. Fungua boneti ya gari lililosimama, mwombe mtu akanyage mafuta ghafla, uitazame injini. Itajikunja upande mmoja. Shafti ikizungushwa kwa nguvu upande huu, iliyoibeba injini inasukumwa upande ule. Kwenye gari au treni ya kawaida hilo si tatizo, maana mwili umeshikwa imara na springi. Lakini behewa hili limewekwa juu ya rola makusudi ili lilale kwa urahisi. Dereva akiongeza moto kwa kupanda mlima, injini yenyewe ingeweza kulilaza behewa upande usiotakiwa, katikati ya kona.

Suluhisho lilikuwa kuweka injini mbili kwa kila behewa na kuzipanga ili misukumo yake ikinzane. Moja inalivuta behewa kushoto, nyingine kulia, na jumla yake ni karibu sifuri. Injini mbili ndogo badala ya moja kubwa zilitatua fumbo ambalo lingeweza kuua mradi mzima. Bado shafti inapaswa kupeleka nguvu kutoka kwenye injini zinazolala pamoja na behewa hadi kwenye magurudumu yasiyolala, hivyo viungo vyake vinapinda na kunyooka siku nzima. Hivyo ndivyo vifaa ambavyo mafundi wa gereji huvikagua kila mara.

Treni hizo zilienea. Nanpu na Shimanto zikaenda Kochi, Ashizuri ikaendelea kusini magharibi hadi Nakamura na Sukumo, Uwakai ikatoka Matsuyama kwenda Uwajima. Tosa Kuroshio, kampuni ya reli iliyoundwa na serikali za mitaa pamoja na watu binafsi ili njia za huko zisifungwe, nayo ilinunua mabehewa machache ya aina hiyohiyo, ili abiria wa vijiji vya mwisho wasilazimike kubadili treni. Mwaka 1995 ikaja N2000, yenye injini za nguvu za farasi 350 na mwendo wa juu wa kilomita 130 kwa saa badala ya 120. Hiyo ilipelekwa kwanza kwenye treni za Uzushio, kati ya Takamatsu na Tokushima.

Mwaka upepo ulipopungua

Treni inayolala inachosha mafundi. Rola, boriti, silinda na kompyuta zote zinataka kukaguliwa, na vipuri vyake ni ghali. Aina ya 2000 ilipozeeka, JR Shikoku ilitafuta njia nyepesi. Springi za treni za kisasa ni mifuko ya mpira iliyojazwa upepo. Ukijaza mifuko ya upande wa nje wa kona, behewa linainuka upande huo na kulala digrii 2 kuelekea ndani. Hakuna rola wala boriti ya ziada. Digrii 2 ni chache kuliko 5, lakini kampuni ilikuwa imeshatumia njia hiyo tangu mwaka 2014 kwenye treni zake za umeme za aina ya 8600, zinazopita njia ya Yosan kando ya bahari, na zilikwenda vizuri.

Basi mwaka 2017 yakatoka mabehewa manne ya dizeli ya aina ya 2600, kutoka kiwanda cha Kawasaki. Yalikuwa mapya na yenye nguvu, injini mbili za nguvu za farasi 450 kila moja. Yakapelekwa kujaribiwa njia ya Dosan, na Dosan ikayakataa.

Sababu ni rahisi kueleza. Kila kona inataka mifuko ijazwe, na kona ikiisha upepo ule unaachiwa nje. Pwani, kati ya kona moja na nyingine kuna muda wa kompresa kujaza tena mitungi. Kwenye bonde la Yoshino kona zimeshikana mikono, kulia halafu kushoto halafu kulia, na upepo unatumika kwa kasi kuliko unavyotengenezwa. Tena treni haina upepo wa kulala peke yake. Breki nazo hutegemea upepo. Dereva yeyote wa lori la breki za upepo anajua maana ya sindano kushuka akiwa mlimani.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hawakuongeza kompresa na mitungi. Chini ya sakafu ya behewa la dizeli tayari kuna injini mbili, tangi la mafuta, vipozeo na vyombo vya kupeleka nguvu. Kila kinachoongezwa ni uzito, na uzito ndio unaoumiza reli kwenye kona.

Kampuni ikasitisha mpango wa kutengeneza mabehewa zaidi ya 2600. Yale manne yakapewa kazi ya Uzushio, njia yenye milima michache, yakaanza kubeba abiria Desemba 2017. Wahandisi wakarudi kwenye rola na digrii 5, na mwaka 2019 ikazaliwa aina ya 2700, yenye injini za 2600, mwili wa chuma kisichoshika kutu na penduli ya babu yake. Hiyo ndiyo inayovuka leo milima kwenda Kochi.

Nauheshimu sana uamuzi huo. Kampuni maskini iliyokwisha kulipia mabehewa manne ingeweza kung'ang'ania, ikapunguza mwendo kidogo na kuwaambia abiria hiyo ndiyo treni mpya. Walikubali hadharani kwamba hesabu haikutoka, wakalipa gharama ya kuanza tena.

Waliochagua njia nyingine

Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, ilikuwa na treni za dizeli zinazolala pia, aina ya 281 na 283, zilizokimbia kilomita 130 kwa saa kwenye baridi kali. Tarehe 27 Mei 2011, treni ya 283 kwenye njia ya Sekisho ilidondosha sehemu za vyombo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu, ikaacha reli, ikasimama ndani ya handaki na kuwaka moto. Abiria walitoka kwa miguu gizani. Watu 79 waliumia na hakuna aliyekufa. Mfumo wa kulala haukuwa chanzo, lakini ajali hiyo na nyingine za miaka iliyofuata ziliufichua udhaifu wa matunzo katika kampuni nzima. Mwaka 2013 JR Hokkaido ilipunguza mwendo wa treni zake za haraka, na mwaka 2014 ikaachana na treni mpya ya kulala iliyokuwa imeshaundwa kwa majaribio. Ikaamua fedha zake ziende kwanza kwenye usalama, na abiria wakaongezewa muda wa safari. Siwalaumu. Treni ya namna hii haivumilii gereji yenye upungufu wa watu.

Upana wa reli za Shikoku, milimita 1,067, ndio upana wa TAZARA, na kipande cha Mlimba hadi Makambako kina milima na mahandaki yake. Je, treni hizi zingefaa kwetu? Kwa hali ilivyo, hapana. Kompyuta ya 2700 inaamini kwamba kona iko pale orodha inaposema na kwamba mwinuko wa reli ni uleule uliopimwa. Njia ambayo treni hupunguzwa mwendo kwa sababu ya mataruma na kokoto inahitaji hivyo virekebishwe kwanza, na ikirekebishwa, hata mabehewa ya kawaida yatapata mwendo mwingi kabla ya kufikiria kulala. Shikoku walifika kwenye penduli baada ya kuwa na njia iliyotunzwa sana ambayo kasoro yake pekee ilikuwa kupinda.

Wakazi wa kisiwa hicho bado wanadai Shinkansen. Njia zake ziliingizwa kwenye mpango wa msingi wa taifa mwaka 1973, na Daraja Kuu la Seto lilijengwa likiwa na nafasi ya kupitisha reli zake. Ujenzi haujaidhinishwa. Jinsi wakazi wanavyopungua, hoja ya kuujenga inakuwa ngumu zaidi kila muongo, na kwa maoni yangu fedha kidogo zilizopo zina kazi kubwa zaidi kwenye mataruma ya Dosan na mishahara ya mafundi wa penduli. Mtu wa Kochi mwenye miadi hospitalini Okayama leo anaitegemea 2700.